Viwanja Vinne vya Kuachwa

Maji yalisimama kwenye arobaini na moja. Paskazia aliinama mpaka jicho lake likawa sawa na uso wa maji, akasoma tena, kwa sababu ukiusoma mti wa kipimo ukiwa umesimama wima unakuongopea. Arobaini na moja kweli. Akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika daftarini: Jumatatu, saa kumi na mbili na robo, 41, ukungu, upepo hakuna. Kisha akachota yale yale maji aliyoyapima, akanawa uso, akajisikia vizuri.

Alikuwa akijisikia vizuri hivyo kwa mwaka wa tatu sasa. Kila asubuhi alishuka kutoka kwao mlimani hadi bonde la Nyakagezi, huko Nyarusange upande wa Gitega, akasoma mti, na kila Jumatatu ya pili akahesabu mafunjo. Bonde hilo lilikuwa limekaushwa tangu zamani. Watu walichimba mifereji wakalima maharage. Wafyatua matofali wakaja wakachukua udongo. Mwishowe chemchemi za chini zikaanza kukata, na akina mama wakawa wanavuka milima miwili na madumu kichwani. Mradi ulipokuja uliziba mifereji, ukapanda mafunjo, ukataka mtu wa kuangalia kama bonde linapona. Vijana wasomi wa tarafani walijaribu mmoja mmoja. Hakuna aliyemaliza mwezi. Mtu anayetaka kuitwa agronome, mtaalamu wa kilimo, hasimami matopeni akihesabu vijiti. Paskazia alikuwa na shule ya msingi tu, aliyoisoma kambini Tanzania kabla familia haijarudi, lakini alijua kuhesabu bila kuruka na alijua kukaa kimya. Kazi hiyo haikudai zaidi ya hapo. Ndiyo kazi pekee aliyoipata Burundi ambayo hakuna aliyemuuliza diploma.

Viwanja vya kuhesabia vilikuwa kumi na viwili, kila kimoja mita mbili kwa mbili, kimefungwa vigingi vinne na kamba. Vinane vilipandwa mafunjo. Vinne havikupandwa, wala havikulimwa, wala mguu wa mtu haukuingia humo. Hata Paskazia mwenyewe alivihesabu akiwa amesimama juu ya ubao. Kazi ya hivyo vinne ilikuwa kuonyesha udongo unafanya nini ukirudishiwa maji halafu ukaachwa. Pasipo hivyo, ukiona mafunjo yamejaa kwenye vile vinane huwezi kusema ni mkono wa mtu au ni bonde lenyewe.

Kwa miaka miwili na nusu vile vinne vilikuwa matope na nyasi fupi. Paskazia aliandika sifuri, sifuri, sifuri, sifuri, bila kuchoka. Halafu wiki sita zilizopita, katika kiwanja cha kumi na moja, yaliota mafunjo matatu. Membamba kama sindano za kusukia makuti, yamepinda. Hakuna aliyeyapanda. Siku hiyo alipanda mlima mbio mpaka penye mtandao, akampigia Eliud, msomaji mwenzake wa bonde la pili la mradi, huko Muyinga. Hawakuwahi kuonana, lakini maji yanayotoka kwa Paskazia huingia mto Ruvubu na kwenda kupita kwa Eliud, na jambo hilo liliwafanya wajione kama majirani.

"Tatu?" Eliud alipiga kelele. "Mi huku bado sifuri. Dada, umenipita!"

Leo ilikuwa siku ya wageni. Daktari Ursula, mtaalamu wa mabonde kutoka Bujumbura, alikuwa amelala Muyinga baada ya kukagua bonde la Eliud, na leo alikuwa anakuja Nyarusange. Baada ya safari hiyo angeandika orodha mpya. Bonde lenye hesabu safi lingepewa miaka mitatu mingine. Lisilo na hesabu safi lingetolewa, na msomaji wake angerudi kulima shamba la mama yake. Paskazia hakuwa na hofu. Hesabu zake zilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Akachukua ubao wake begani, akaelekea kwenye viwanja.

Kiwanja cha kwanza, mashina hamsini na sita. Cha pili, arobaini na tisa. Alihesabu kwa kugusa, kidole kwenye kila shina, midomo ikitikisika. Alipomaliza cha nane jua lilikuwa limeshaanza kuupasua ukungu. Akavuka mfereji uliozibwa, akainua macho kuangalia kiwanja cha tisa, na ubao ukamteleza begani ukaanguka majini.

Kiwanja cha tisa kilikuwa na mafunjo. Yalisimama kwa mistari, mashina manono yaliyokatwa vichwa kwa panga, umbali kati ya shina na shina ni sawa kabisa, kana kwamba mtu alinyoosha kamba. Cha kumi, vivyo hivyo. Cha kumi na moja. Cha kumi na mbili. Nyasi zote zilikuwa zimeng'olewa. Matope yalikuwa yamekandwa na miguu ya watu wengi, na pembeni mwa kila kiwanja palifagiliwa.

Sasa alielewa kwa nini mama yake alikuwa anacheka peke yake jana jioni. Paskazia alikuwa ameingia nyumbani akiwa hoi. Ijumaa alipeleka karatasi za mwezi Gitega mjini, na kwa kuwa petroli ilikuwa imekata tena hakukuwa na gari wala pikipiki ya kumrudisha. Akalala siku mbili mtaa wa Yoba kwa Shakila, dada wa msimamizi wake, akila chakula cha watu kwa aibu, maana sukari na mafuta ya kupikia vilikuwa vimepanda bei wiki hiyo hiyo. Jumapili akaamua kutembea. Mwendo wa saa tano. Na mama yake, Adventina, alimwekea viazi mezani akasema, "Kula ulale. Kesho ukishuka bondeni utaona. Tumekufanyia kitu."

Paskazia alizunguka kiwanja cha kumi na moja taratibu. Kwenye ukingo wa mfereji kulikuwa na rundo la magugu. Akachuchumaa, akalichambua jani kwa jani. Aliyapata yote matatu. Yalikuwa yameanza kugeuka njano, mizizi yake kama nyuzi. Alikaa nayo mkononi kwa muda. Halafu, kwa kuwa hakujua kitu kingine cha kufanya, akatoa utepe wa kupimia. Thelathini na nane. Thelathini na tano. Ishirini na mbili. Akaandika.

"Amahoro, mwananje! Umeona?"

Alikuwa Mzee Emmanuel, shefu wa kolini, kiongozi wa watu wa mlima huo, katika koti lake la sherehe, mwavuli mkononi ingawa hakukuwa na wingu. Nyuma yake walikuja wanawake sita wenye mafagio ya kufagilia njia ya wageni, na wa mbele yao alikuwa Adventina.

"Nimeona, mzee," alisema Paskazia.

"Watu mia moja na kumi na wawili! Jumamosi nzima. Tulianza saa mbili, tukamaliza saa kumi. Wanane hawakuja kwa kazi za pamoja, hao nimewaandika, watalipa faini." Akashusha sauti. "Nawe hukuwepo, lakini wewe nimekuficha."

"Nashukuru, mzee. Nilikwama mjini."

"Najua. Ndiyo nikasema, huyu mtoto anahangaika peke yake, amepanda vinane, vinne vimemshinda, na wageni wanakuja. Waje waone mahali uchi? Kolini yangu?"

"Mzee, hivi vinne havikunishinda. Viliachwa kwa makusudi."

Mzee Emmanuel alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa wa malaria. "Makusudi ya nini? Shamba la kuachwa ni la mvivu ama la marehemu."

Wanawake walicheka. Mmoja, Jovina, ambaye ulimi wake ulijulikana mpaka Makebuko, alisema, "Mwacheni Mtanzania! Huko kwao walizoea kuhesabu mahindi ya msaada, sasa anahesabu matope."

"Mahindi yalihesabika, Jovina," Paskazia alijibu. "Maneno yako ndiyo sijawahi kufika mwisho wake."

Wakacheka zaidi, Jovina akiwa wa kwanza. Lakini Adventina hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wa binti yake ulioshika vile vijiti vitatu.

"Hivyo mimi ndiye niliving'oa," alisema polepole. "Nilidhani ni magugu ya mafunjo, yamedumaa. Nikaweka yenye afya. Mwanangu, tumeharibu?"

Paskazia aliiangalia mikono ya mama yake, nyufa za matope zilizokuwa hazijatoka tangu Jumamosi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyolelewa na mama huyo, hata kambini, ambako mgeni alikuta sakafu imepigwa udongo mpya na uji umeongezwa maji. Jumamosi mama alifanya hivyo hivyo, katika bonde la binti yake.

"Mmepanda vizuri, mama," alisema.

Saa tatu na nusu Faridi aliteremka mlima kwa baiskeli ya kuazima, shati jeupe limemgandia mgongoni. Ndiye msimamizi wa mradi, kijana wa Yoba, mtoto wa fundi cherehani. Siku zote alikuja kwa pikipiki ya ofisi na miwani ya jua. Aliitupa baiskeli kwenye nyasi, akakaa chini, akanywa maji yote ya Paskazia bila kuomba.

"Nimetoka saa kumi na moja asubuhi," alisema. "Petroli iko tu kwa wachuuzi, na bei yao, weh, ni ya kununua ng'ombe. Daktari yeye atapata, gari yao iko na madumu. Bon. Kila kitu iko sawa?"

Paskazia alinyoosha kidole. Faridi alitazama. Alisimama. Akatazama tena.

"Nani alifanya hii?"

"Kolini nzima. Jumamosi."

"Nani aliwaambia?"

Paskazia alikuwa ameshaiona barua iliyowaagiza. Mzee Emmanuel alikuwa ameitoa mfukoni kumwonyesha. Ilitoka ofisini Gitega, ina muhuri, na chini yake sahihi ya Faridi: wageni wanakuja Jumatatu, mahali pawe safi na pa kijani. Faridi mwenyewe alikumbuka taratibu, na Paskazia aliona jinsi kumbukumbu ilivyomfikia, kutoka shingoni kwenda juu.

"Ile barua ni modeli," alisema hatimaye. "Tunatuma kila mahali, kwa mashule, kwa visima, kila mahali. Mi nilibadilisha tu tarehe." Akajishika kichwa. "Paskazia, mi niko na miezi minne tu kwa hii poste. Baba macho yake imekwisha, hashoni tena. We unajua, umelala kwetu."

"Najua."

"Tuyang'oe. Sasa hivi. Ita wale wamama."

"Tukiyang'oa tutaacha mashimo. Na watu mia moja wameshakanyaga. Udongo umegeuzwa, Faridi. Si ule tena."

Faridi alizunguka zunguka. Nzi wa bonde walimfuata. Kisha akatoa karatasi mpya kwenye begi, ile fomu ya hesabu yenye nakala tatu, akachuchumaa karibu yake na kusema kwa sauti ya chini, ya kirafiki.

"Sikiliza. Yale majani tutasema tu watu wamepanda Jumamosi, baada ya hesabu. Hesabu ulifanya mbele, wiki iliyopita. Karatasi unajaza sasa. Hivi vinne, zako za zamani ofisi inazo, unachukua namba mpya za Eliud, unabadilisha moja mbili. Bonde ni bonde. Maji ni yale yale, si we mwenyewe unasemaka hivyo?"

"Nasema hivyo."

"Basi. Hakuna mtu atakufa. Unabaki na kazi, mi nabaki na kazi, mzee anapiga foto yake. Sivyo?"

Paskazia alichukua fomu na kupanda mlima mpaka penye mtandao, kwa sababu alitaka kufikiri akiwa anatembea. Alimpigia Eliud. Hakumficha kitu.

Nyuma ya Eliud kulisikika vyura wa Muyinga. "Pole, dada," alisema. "Zile tatu zako nilikuwa nazionea wivu, unajua? Namba zangu nitakupa ukitaka. Sifuri, sifuri, moja, sifuri. Ile moja imetoka juzi. Kidogo nilie. Chukua. Mi na we ni wa maji mamoja."

"Umepata moja?"

"Moja! Imepinda kama mzee wa miaka tisini. Daktari jana alipiga magoti mbele yake, na suruali yake nzuri."

Paskazia alijikuta anacheka, peke yake, juu ya mlima. Akakaa juu ya jiwe, akajaza fomu. Vinane vya kwanza alivijaza haraka. Alipofika mstari wa tisa penseli ilisimama. Ingekuwa rahisi sana. Sifuri haina uzito. Ni duara tu. Alikuwa ameandika sifuri nyingi kwa miaka miwili na nusu, na kila moja alikwenda kuitazama kwa macho kabla ya kuiandika, siku za mvua, siku za homa. Hizi nne angeziandika bila kuzitazama. Na ile moja ya Eliud, iliyopinda, iliyomfanya daktari apige magoti, ingeonekana imeota mahali pawili, na mahali pamoja pangekuwa uongo. Mtu fulani siku moja angefanya hesabu juu ya hiyo moja. Angeamua, kwa sababu yake, bonde lingine lipandwe au liachwe.

Alifunga fomu mistari minne ikiwa mitupu, akashuka.

Wageni walifika saa nane na dakika arobaini, magari mawili, vumbi mpaka kwenye vioo. Daktari Ursula alikuwa mama mfupi wa miaka hamsini na kitu, buti za mpira zimeshakauka matope ya Muyinga. Pamoja naye walishuka bwana mmoja wa ofisi ya Gitega mwenye kamera shingoni, na vijana wawili wa chuo. Mzee Emmanuel aliwakaribisha. Wanawake walipiga vigelegele. Njia ilikuwa imefagiliwa hadi ukingoni mwa maji, jambo ambalo halijawahi kuonekana katika bonde lolote.

"Karibuni, karibuni," alisema mzee. "Mwaka wa kwanza hapa palikuwa matofali. Leo ni kijani kitupu. Watu mia moja na kumi na wawili!"

"Safi kabisa," alisema bwana wa kamera, akaanza kupiga.

Daktari Ursula alisalimia kila mtu kwa mkono, kisha akaanza kutembea viwanja. Alipita cha kwanza, cha pili, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alivuka mfereji. Akasimama.

Maji yalisikika yakipenya kwenye magunia ya mchanga yaliyoziba mfereji. Faridi alikohoa. "Docteur, bon, hapa kuna kitu kidogo, donc Paskazia atatoa esplikasyo, ataeleza, yeye iko na fomu..."

Daktari aligeuka. "Paskazia. Wewe ndiye uliona tatu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kwa kumi na moja?"

"Ndiyo."

"Iko wapi?"

Watu wote wa kolini walikuwa wamesimama nyuma yake: shefu katika koti lake, Jovina na ulimi wake, mama yake na fagio. Paskazia aliona shingo ya Faridi ikilowa upya. Alijua anachopaswa kusema, na alijua pia kwamba ukweli unaweza kumvua mtu nguo mbele za watu. Na hawa hawakustahili kuvuliwa.

"Hayapo, Daktari. Jumamosi wananchi walivipanda vyote vinne. Walisikia mnakuja, wakaona haya kuwapokea kwenye ardhi tupu. Walitoa siku nzima, bure. Tazama mistari yao, imenyooka kuliko ile ya mradi." Akageukia kibao cha mradi. "Miaka mitatu tumeacha viwanja hivi na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Kibao kile pale kimeandikwa Kifaransa. Mimi ninaishi nao, na mimi pia sikuwaeleza. Fomu nimejaza vinane. Hivi vinne nimeacha wazi."

"Na barua ilikuja!" alidakia Mzee Emmanuel, ambaye sasa alianza kunusa kwamba kitu hakiko sawa. Akaitoa, akaikunjua kwa heshima. "Iko na muhuri. Mahali pawe safi na pa kijani. Sisi tulitii."

Daktari Ursula aliisoma, akafika kwenye sahihi, akamtazama Faridi, akamtazama bwana wa kamera. Huyo alikuwa anakagua picha zake. Daktari akaikunja barua na kumrudishia mzee kwa mikono miwili.

"Asante, mzee. Umetii vizuri," alisema.

Alichuchumaa kwenye kiwanja cha kumi na moja, akatia kidole kwenye matope, akakaa hivyo. Alipoinuka alimvuta Paskazia kando, mbali kidogo na watu.

"Hizo tatu uliziona wapi mara ya mwisho?"

"Kwenye rundo la magugu, leo asubuhi. Nimezipima." Akamwonyesha daftari. Thelathini na nane, thelathini na tano, ishirini na mbili.

Daktari alisoma ukurasa huo, akageuza kurasa za nyuma, mwezi baada ya mwezi, 41, 39, 44, ukungu, mvua, ndege misambi, korongo wenye taji, wawili. Alisoma muda mrefu kuliko alivyosoma barua.

"Nikuambie kweli, mwanangu," alisema. "Kama ungejaza na kuniambia walipanda baada ya hesabu, mi nisingejua. Ningeandika Gitega ibaki. Sasa siwezi. Bila hivi vinne, hili bonde kwa utafiti limekwisha. Litabaki Muyinga peke yake. Mkataba wako ni mpaka mwisho wa mwezi, na kwangu hakuna mlango mwingine wa kukupitisha. Nimetafuta sasa hivi kichwani, haupo."

"Nimeelewa, Daktari."

"Umeelewa, na bado ulisema."

"Uliuliza iko wapi," alisema Paskazia.

Daktari aliangalia pembeni, akafuta miwani kwa ncha ya shati.

Kwa upande mwingine bwana wa kamera alikuwa anawapanga watu mbele ya vile viwanja vinne, wafupi mbele, shefu katikati. "Hii itakwenda kwenye jalada la ripoti," alisema. "Ushirikiano wa wananchi. Mama mwenye fagio, shusha fagio. Hapana, inua! Inua, ni nzuri zaidi." Walipiga picha sita. Paskazia aliitwa, akasimama mwishoni, matope mpaka magotini. Saa kumi magari yaliondoka na Faridi akiwa ndani, baiskeli imefungwa juu. Kabla ya kupanda alimwendea Paskazia kama mtu anayetaka kusema kitu kikubwa, akaishia kusema, "Shakila anakusalimia."

"Msalimie," alisema Paskazia. "Na mzee wako."

"Na usiguse kitu tena hapa, eh? Kazi ya bonde sasa ni kusoma mti tu mpaka mwisho wa mwezi. Kitu ingine inataka karatasi ya ofisi."

Watu walitawanyika. Mzee Emmanuel alibaki, na Adventina, na Jovina aliyesingizia kwamba anatafuta kandambili yake. Paskazia alikuwa ameingia kichakani nyuma ya mwisho wa bonde, mahali ambapo wafyatua matofali walichimba zamani na maji yalikuwa yameanza kurudi. Hapakuwa na kamba wala mstari, wala mguu wa Jumamosi haukufika huko. Alikuwa amekata vigingi vinne vya mkaratusi. Alikuwa anapigilia cha kwanza kwa jiwe.

"Unafanya nini, mwananje?" mzee aliuliza. "Yule kijana amesema inataka karatasi."

"Amesema, nimesikia." Jiwe likashuka tena. "Mzee, njoo nikueleze kitu ambacho nilitakiwa kukueleza mwaka wa kwanza."

Akamweleza. Alitumia Kiswahili na Kirundi na vijiti, akichora kwenye matope: hapa mtu amepanda, hapa hakupanda, baada ya mwaka unaangalia vyote viwili, ndipo unajua. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea mwavuli. Alirudia mwenyewe mara mbili, akakosea, akarekebishwa, akarudia.

"Kumbe ni kama dawa," alisema. "Unampa mmoja, mwingine unamwacha, unaona nani anapona."

"Ndiyo hivyo."

"Sasa kwa nini hawakusema hivyo kwenye barua?" Akavua koti la sherehe, akalitundika kwenye kichaka, akashika kamba upande wa pili. "Jumamosi nitatangaza," alisema. "Atakayepanda kitu hapa, faini. Atakayefagia, faini mbili."

"Na atakayeongea?" aliuliza Jovina kutoka juu ya mfereji.

"Wewe kolini haiwezi kukulipisha. Utatufilisi karatasi."

Kilipofungwa kiwanja cha kwanza Paskazia aliweka ubao wake, akapanda juu yake, akahesabu. Alihesabu kwa makini, kona hadi kona, ingawa kila mtu aliona hapakuwa na kitu. Akafungua ukurasa mpya. Hakukuwa na ofisi iliyousubiri ukurasa huo. Tarehe. Saa kumi na moja kasoro. Kiwanja cha kwanza kipya: 0. Alivuta pumzi, akajikuta ametulia kama alivyokuwa asubuhi.

Adventina alikuwa amesimama ukingoni. Ndani ya kamba, karibu kabisa na mguu wake, kulikuwa na jani moja la gugu, refu, baya, limelala upande. Aliinama kulitoa. Vidole vilikuwa vimeshaligusa aliposimama ghafla, akamtazama binti yake, na akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, akaishikanisha mmoja na mwingine ili ikae huko.